Daftari la Wachelewaji

Mwezi uliopita nilialikwa kuwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya darasa la saba, katika shule niliyosoma mwenyewe, kijiji kidogo cha pwani ukishapita Mlingotini. Unayajua mambo ya mgeni rasmi. Unatandikiwa kitambaa kitini, unabandikwa ua la karatasi kifuani, unafunguliwa maji ya chupa kabla hujasema una kiu, na kila anayeshika kipaza sauti anaanza kwa kukutaja wewe hata kama anachotaka kusema ni kwamba gari jeupe limeziba njia ya wapishi. Nikakaa, nikatabasamu. Siku hizi mimi ni afisa elimu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa na kutabasamu.

Zikafika zawadi. Wa kwanza kuitwa hakuwa aliyeongoza mtihani wa majaribio. Alikuwa kiranja, msichana mwembamba wa ushungi mweupe, nikapewa boksi nimkabidhi. Lilikuwa wazi juu, ndani mna viatu vyeusi vya kamba na soksi nyeupe zilizokunjwa. Mwalimu wa zamu akaeleza kwenye kipaza sauti kwamba binti huyu ni mkweli, hamfichi mtu, hata awe rafiki yake. Watoto wakapiga makofi. Mkononi mwangu boksi likainama, kiatu kimoja kikaanguka mchangani. Mwalimu mkuu akaniokotea, akanisogezea mwavuli, akidhani ni jua.

Halikuwa jua. Kaa hapo nikusimulie, maana jambo hili nimelinyamazia miaka mingi na kunyamaza hakujanisaidia.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kwenye nyumba ya udongo na makuti, hatua chache kutoka baharini. Ukiniuliza utoto wangu ulinuka nini, nitakujibu bila kufikiri: ulinuka mwani unaokauka. Wageni waliziba pua. Sisi tulilala na harufu hiyo, tukaamka nayo, tukaila kwenye vitumbua. Miaka ile karibu kila nyumba ya kwetu ilikuwa na shamba majini. Wanawake walipigilia vigingi vya mkoko kwenye maji haba, wakavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kila kamba wakafunga vipande vya mwani kwa nyuzi. Baada ya mwezi na nusu wanavuna, wanaanika uani, wanaanza tena.

Asubuhi zetu zilianza na mbuzi ya nazi. Bibi alikuna nazi akiwa bado na kanga ya kuswalia kichwani, na mimi nilifagia uwanja kwa ufagio wa njukuti, nikichora mistari mchangani ambayo kuku waliiharibu kabla sijamaliza. Kisha ilikuja mihogo ya nazi iliyolala na chai ya mchaichai, na bibi kunisimamia mpaka sahani iwe tupu. "Kula, usije ukakaa darasani unamtazama mwalimu mdomo badala ya kumsikiliza," alikuwa akisema. Nilikula. Bibi hakuwa mtu wa kurudia neno.

Wakati tuliupima kwa maji. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hutoka mbali na vigingi hubaki wazi. Hilo ndilo bamvua. Siku hizo chache ndizo za kufunga na kuvuna mwani, na kazi huanza alfajiri maji yanapoanza kutoka. Bamvua likipita yanakuja maji mafu, bahari haitoki ya kutosha, na mwenye shamba hana la kufanya ila kungoja. Bibi alikuwa haangalii kalenda. Alitazama juu akiwa anatawadha, akasema kesho kutwa wanawake wataingia majini, na kesho kutwa wakaingia.

Mwenzangu wa dawati alikuwa binti wa jirani yetu. Mama yake alikuwa mjane mwenye watoto wadogo wawili nyuma ya huyo binti, na kamba nyingi kuliko mikono. Kwa hiyo bamvua likifika, binti aliingia majini na mama yake alfajiri, akafunga mwani mpaka jua likapanda, ndipo akakimbia nyumbani kujimwagia maji, kuvaa sare na kuja shule. Vidole vyake vilikuwa na mikato ya nyuzi ambayo haikupata nafasi ya kupona.

Alikuwa na akili, tena si kidogo. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, tukigawana penseli moja tuliyoikata katikati kwa meno. Hesabu za sehemu alinifundisha yeye, kwa kashata. Aliikata kashata vipande sita, akala kimoja, akaniuliza imebaki sehemu gani. Nikikosea anakula kingine. Siku ya kwanza alishiba, siku ya pili nilijifunza. Alicheka kwa kujifunika mdomo na kiganja, na kiganja chenyewe kilinuka bahari, na mpaka leo nikisikia mtu anacheka hivyo nageuka.

Alichokitaka duniani ni sekondari. Hakuwa na hadithi ndefu za atakuwa nani baadaye. "Nataka nifike kwanza, niione," ndivyo alivyosema, kama mtu anayezungumzia mji. Kwao hakuna aliyewahi kufika. Na njia ya kufika ilikuwa moja tu, kambi. Kwetu miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa darasa la saba, wanafunzi walihamia shuleni na magodoro yao, wakasoma asubuhi na jioni, wakapikiwa hapo hapo. Nafasi zilikuwa chache. Asiyeingia kambi hakufaulu, na hilo tulilijua kama tunavyojua majina yetu.

Tulipoingia darasa la saba akaletwa mwalimu mpya wa nidhamu. Ningependa nikuambie alikuwa mtu mbaya, simulizi ingekuwa nyepesi. Hakuwa. Alitoka bara, mbali na bahari, shati lake lilikuwa na mistari ya pasi mikononi, na hakuwahi kumchapa mtoto mbele ya macho yangu. Siku ya kwanza alisimama mstarini akaivunja fimbo ya mwalimu wa zamu kwa goti, tukashangilia. Akasema, "Mimi sitawachunga. Mtajichunga wenyewe." Tukashangilia tena, watoto wajinga wa pwani, hatukujua tunachoshangilia.

Kilichoshika nafasi ya fimbo kilikuwa bendera mbili na daftari. Daftari lilifunikwa karatasi ya kaki, ndani kila ukurasa una sehemu tatu, wachelewaji, wachafu na watoro. Kila Ijumaa majina yalisomwa. Darasa ambalo halikuwa na jina hata moja lilipewa bendera nyeupe, ikachomekwa juu ya mlango, na wiki nzima inayofuata darasa hilo halikuteka maji wala kuosha choo. Darasa lenye majina mengi lilipewa nyeusi. Hao walibeba ndoo kutoka kisimani, za walimu, za bustani na za choo, na wengine walipita wakiwatazama. Jina moja tu lilitosha kulinyima darasa bendera nyeupe. Mtoto mmoja akichelewa, arobaini wanabeba ndoo.

Daftari nilipewa mimi. Nilikuwa kiranja mkuu, mpigaji wa ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti wa mkungu, na nilijiona. Niseme ukweli, nilijiona sana. Nilisimama langoni na kalamu ya wino, mtoto wa kandambili zilizoungwa kwa waya, na wakubwa wa kunipita kimo walinibembeleza. Juu ya kabati ofisini mwalimu aliweka boksi la viatu, wazi, mtu akipita dirishani avione. Hivyo vilikuwa vya kiranja bora wa mwaka. Nilipita dirishani pale mara nyingi kuliko nilivyokuwa na shughuli.

Bamvua la kwanza mwenzangu alichelewa siku tatu. Sikumwandika. Nilipiga ringi pole pole, nikiivuta kama mgonjwa, na alipotokea kona ya msikiti anakimbia, ushungi umemwangukia mgongoni, nilijifanya natafuta kalamu. Lakini macho ya darasa la sita yalikuwa dirishani. Ijumaa tulipewa bendera nyeupe, na Jumatatu mwalimu akaniita akaniambia kwa upole kabisa kwamba kuna wanafunzi wamemweleza jambo. Hakutaja nani. Akasema tu, "Sitaki kulichukua daftari kwako." Darasa la sita ndio walioachiwa ndoo wiki ile, na walishajifunza kusema.

Tangu hapo nikamwandika. Nilimwandika kwa mwandiko mdogo, kana kwamba herufi ndogo ni huruma. Yeye hakunung'unika. Mwalimu alipomuuliza sababu alijibu kila mara kwamba alipitiwa na usingizi, na darasa likacheka, likampachika jina la Godoro. Yule aliyekuwa wa kwanza kuamka kijijini wakamwita Godoro.

Nilimuuliza kwa nini hasemi kweli. Tulikuwa tumekaa nyuma ya darasa, tunakula ubuyu, na alitema kokwa kwanza. "Mama ataitwa kwa mtendaji," akasema. "Yule mama wa kule juu aliitwa kwa sababu ya mwanawe, umesahau? We niandike tu. Andika nimelala." Kisha akanishika mkono. "Ila usiseme mimi na mama tunakokwenda. Niapie." Nikamwapia, mdomo mwekundu kwa ubuyu.

Nikamtafutia ujanja. Nilimwambia asirudi kwao kuoga, avae sare majini chini ya kanga, akitoka aje moja kwa moja, atawahi. Bamvua lililofuata alifanya hivyo, akafika langoni kabla ya ringi, anahema, anacheka kwa kiganja. Tuliingia mstarini bega kwa bega. Lakini jua lilipoanza kupiga, sketi yake ya buluu ikakauka, na chumvi ikajitokeza, mistari myeupe juu mpaka chini. Mwalimu wa zamu akampita, akarudi, akaniambia, "Andika. Mchafu." Mtoto wa pwani nilishindwaje kulikumbuka jambo kama hilo, maji ya bahari yakikauka yanaacha nini? Nikaandika.

Wiki hiyo tulipata nyeusi. Nilibeba ndoo na mimi. Na kuanzia hapo hakuna mwalimu aliyehitaji kumwadhibu mwenzangu, darasa lilimaliza kazi lenyewe. Wasichana waliacha kumgawia maji ya kunywa. Mtu akiketi karibu naye mapumzikoni anaulizwa kama na yeye anataka kuosha choo. Aliyekuwa akiwafanyia hesabu wote sasa wakamfichia daftari zao. Na mimi, ambaye nilikuwa najua kila kitu, nilianza kukaa ukingoni mwa dawati. Nilijiambia ni joto. Kati yetu ukabaki upana wa mtu mmoja, na yeye akaweka ushungi wake uliokunjwa pale katikati, asije akaonekana ameachwa.

Hilo peke yake linatosha kunitoa machozi, na bado hatujafika.

Kambi ilipokaribia mwalimu aliniita ofisini baada ya masomo. Akaniambia nikae. Mwanafunzi alikuwa hakai kwenye kiti kile. Akanimiminia chai ya maziwa, akanipa chapati nzima ya moto kwenye kisahani. Mbele yake palikuwa na karatasi ya majina ya kambi, na daftari langu limefunguliwa.

"Huyu mwenzako ana akili," akasema. "Nataka nimwandike, lakini daftari linanikatalia. Anasema analala. Wewe ni jirani yake. Analala kweli?"

Nikatazama chapati.

"Sijawahi kukukuta na uongo," akasema, taratibu. "Ndiyo maana nakuuliza wewe. Nikijua sababu nitamsaidia." Akanisogezea kisahani. "Kiranja bora naye bado sijamchagua, nangoja."

Viatu vilikuwa juu ya kabati, nyuma ya kichwa chake. Nikasema. Nilisema kila kitu, mama, kamba, bamvua, sketi ya chumvi. Nilisema kwa kumwonea huruma mwenzangu au kwa kutaka viatu? Nimejiuliza nikiwa chuo cha ualimu, nimejiuliza nikiwa na mimba ya kwanza, najiuliza sasa hivi naandika. Sijui. Nadhani vyote viwili vilitoka kwa mdomo mmoja, na chapati niliila yote.

Kesho yake mstarini mwalimu alisema shule imepata mtoto mkweli. Nikaitwa mbele. Nikavishwa viatu pale pale, mbele ya watu wote, mwalimu mwenyewe akainama kufunga kamba. Vilinibana kidogo. Nilitafuta uso wa mwenzangu, nikaukuta, na yeye alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine. Alikuwa bado hajajua.

Saa nne mgambo alipita kwa jirani yetu na barua ya wito.

Mtendaji wa kijiji hakumfunga yule mama wala hakumtukana. Alimwambia amemnyima mtoto elimu, kwa hiyo kila asubuhi kwa siku saba aje akae benchi la nje ya ofisi, tangu ringi ya shule mpaka adhuhuri, ajifunze kuheshimu wakati. Siku saba. Hakutazama mwezi kabla ya kuzitaja. Zilikuwa siku za bamvua, na mwani wake ulikuwa umetimiza mwezi na nusu, mzito, unangoja kuvunwa. Mwani uliokomaa haungoji bamvua la pili. Unakatika wenyewe, unaondoka na mawimbi.

Njia ya shule ilipita mbele ya benchi lile. Siku ya kwanza nilizunguka kwa nyuma. Siku ya pili nilichelewa, na kiranja mkuu hachelewi, kwa hiyo nikapita mbele. Alikuwa amekaa peke yake, mikono mapajani, kanga imefungwa vizuri kama anakwenda harusini. Nikamwamkia kwa sauti ndogo. Aliitikia, akanitazama miguuni.

"Viatu vimekupendeza, mwanangu," akasema.

Sijui kama alikuwa anajua. Mara nyingine naomba awe alikuwa anajua, nipate kuamini alinisema. Lakini nadhani alikuwa mama tu, ameona mtoto wa jirani amevaa viatu vipya.

Mwenzangu aliingia majini peke yake siku hizo, hakuja shule kabisa. Msichana wa miaka kumi na mitatu, kamba zote zile. Aliokoa alichoweza. Nyingine zilikutwa zikielea, zimejizungusha kwenye vigingi, tupu. Na kwa kuwa hakuja, jina lake likahamia kwenye sehemu ya tatu, watoro, siku saba mfululizo, kwa mwandiko wangu. Orodha ya kambi ilipobandikwa jina lake halikuwamo. Nilikwenda kumuuliza mwalimu, si alisema atamsaidia? Akaniambia kwa masikitiko ya kweli, "Nilijaribu. Lakini utoro wa wiki nzima, nitawaeleza nini wengine?"

Nyumbani bibi hakunigombeza. Viatu hakuvitazama, alivizunguka vilipokuwa mlangoni kama watu wanavyozunguka maji machafu. Siku nyingi zilipita kabla hajasema, na alisema akiwa anapepeta mchele, bila kuinua uso. "Mwalimu wako haujui mwezi. Wewe unaujua." Akaendelea kupepeta. Ningependa angenichapa.

Mama mtu hakuwa na mwani wa kuuza wala mbegu ya kufunga upya, akampeleka binti yake Ubena kwa shangazi mwenye kibanda cha chakula barabarani. Huko angekula, angalau. Waliondoka asubuhi ya siku ya shule. Mimi nilikuwa langoni. Nilikuwa nimeamua siku hiyo sitamwandika, hata afike saa nne, hata alowe chumvi mpaka nyusi. Nikamngoja na kalamu imefungwa. Mstari ukaingia, ringi nikaipiga mara ya pili, nikamngoja tena. Aliyenieleza ni mtoto wao mdogo, aliyepita anakula muwa, akasema dada kapanda gari.

Wiki mbili niliandika hayupo, hayupo. Kisha mwalimu akaniambia nilikate jina. Nikalikata kwa rula, mstari ulionyooka. Ijumaa ile darasa letu halikuwa na jina lolote. Bendera nyeupe ikarudi juu ya mlango wetu, wakanibeba mabegani, na mimi nikacheka. Nakuambia nilicheka.

Nilifaulu. Nilikwenda sekondari kuiona kwa niaba ya mwenzangu, na haikuwa na cha ajabu, ilikuwa na madawati. Nikawa mwalimu. Nami nikabandika nyota ukutani, nikapanga majina, nikawaita mbele wakweli wangu. Semina tumekaa nyingi, neno letu ni motisha, na sijawahi kunyanyua mkono katika semina hata moja kusema ninachokijua, kwamba aliyechapwa anajua nani kamchapa, lakini mimi nilivishwa viatu, na ilinichukua nusu ya umri wangu kujua nimefanywa nini, na nimefanya nini.

Baada ya mahafali wapishi walikuwa wanaosha masufuria, nikamuuliza mmoja wao, mtu wa zamani. Akaniambia mwenzangu alikwisharudi kutoka Ubena, ni mwaka wa nne sasa, na wanawe, bila mume. Mama yake kafariki. Mwaka wa nne. Mimi naishi Kerege, hapo tu, na sikuwahi kuuliza.

Nikaacha gari, nikateremka kwa miguu. Uwanja wa bibi umejaa nyasi, msingi wa nyumba haujulikani ulipoanzia. Bahari ilikuwa imetoka mbali sana, bamvua la haswa, na sikuona hata mwanamke mmoja majini. Nasikia maji siku hizi ni ya moto, mwani kwenye maji haba unageuka mweupe na kukatika kabla ya siku zake. Vigingi vichache vimesimama vikiwa vimeliwa na wadudu, bila kamba. Hewa ilikuwa safi kabisa, hewa ya mahali popote. Watoto waliokuwa wakicheza pale niliwauliza mwezi uko siku ya ngapi, wakanitazama kama nimewauliza kwa Kichina. Mwalimu wa nidhamu keshatangulia mbele ya haki, na mwalimu mkuu aliniambia mchwa walikula kabati lote la ofisi na madaftari yake, kwa hiyo hakuna popote palipoandikwa kwamba msichana yule aliwahi kuchelewa. Nilidhani nitafarijika kusikia hivyo.

Nilimkuta uani kwake, anachambua dagaa kwenye ungo. Nilimjua kwa vidole. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, ni machache, ningeanza kwa kusema kwamba ni mimi niliyesema. Nilikuwa bado na ua la karatasi kifuani, nilisahau kulitoa, na viatu vya ofisini, na mkoba. Akainua uso. Alinijua pale pale, niliona amenijua. Akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akasimama, akakunja magoti kidogo kama wafanyavyo watu wazima wenye adabu mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Ananizidi miezi mitatu. Tumezaliwa nyumba zinazotazamana. Na mimi, ambaye naamkiwa hivyo kila siku na mamia ya watu, mdomo wangu ulikwenda wenyewe.

"Marahaba."

Nilisikia neno likitoka, nikataka kulirudisha. Yeye alikwishaingia ndani kuniletea kiti. Alikipangusa kwa kanga, nikakaa, na yeye akaketi mkekani chini yangu na kuuliza habari za kazi, za watoto, za safari. Nikajibu nzuri. Ukishaitikia marahaba kwa mtu kama huyo, radhi unaanza kuiomba wapi? Sikuiomba. Alinisindikiza mpaka njiani, akanishukuru kwa kufika.